Mama Jiwe, Aliyekataa Makali ya Uongo

Mama Jiwe alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la kinyozi. Mbele ya pazia, baba yake alikuwa katikati ya kidevu cha mteja. Mkunga alipochungulia kumwambia amepata binti, baba hakuinua kichwa. Alisema, "Nimesikia. Ngoja nimalize upande wa kushoto." Mteja ndiye aliyesimama, povu likiwa bado shavuni, akaenda hadi kwenye pazia kumpa mzazi hongera. Marehemu aliisimulia habari hii maisha yake yote na hakuwahi kumlaumu baba yake. Alisema ndivyo alivyojua mapema kwamba wembe ukishagusa ngozi ya mtu, hata kuzaliwa kunangoja.

Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee wa kinyozi huyo na mke wake, aliyekuwa mshonaji. Kaka zake wawili wametangulia. Wote wawili walipewa wembe, na wote wawili waliuweka chini: mmoja akaenda kuendesha malori, mwingine akaenda kuuza magodoro. Wembe ulimfikia binti kama shati lililowabana kaka zake, ukamkaa yeye sawasawa.

Kwa wale waliozaliwa juzi na kukuta nyembe za plastiki, wembe unaosemwa hapa ni ule wa kukunja, bapa la chuma linaloingia ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Wembe huo hautupwi. Hunolewa kwenye jiwe la maji kila baada ya majuma kadhaa, na kila asubuhi hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi ili makali yanyooke. Ukitunzwa, humnyoa baba na baadaye mjukuu. Ukiachwa na maji kwa siku tatu, kutu hula ukingo wake, na kazi ya mwezi mzima huwa imekwenda bure. Marehemu alisema wembe ni kama mkwe: ukiupuuza hausemi kitu, ila siku ya kuuhitaji ndipo utakapojua ulimkosea nani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, na alimaliza darasa la saba Novemba 1965. Alikuwa hodari wa hesabu. Alichonga penseli za darasa zima, na mwalimu wake alilalamika kwamba zikichongwa na mtoto huyu zinatoboa daftari hadi ukurasa wa tatu. Alichaguliwa kuendelea na sekondari. Hakwenda, kwa sababu mwaka huohuo macho ya baba yake yalianza kuingiwa na ukungu, na baba alihitaji macho ya mtu mwingine dukani. Watu walisema kwa miaka mingi kwamba Mama Jiwe aliacha shule. Familia inaomba maneno hayo yasirudiwe leo. Shule ndiyo iliyokosa mwanafunzi.

Shule yake ya pili ilikuwa imeshaanza mwaka 1963, alipokuwa na miaka kumi na miwili. Baba alimpa wembe aupitishe kwenye mkanda wa ngozi, mkanda uliofungwa kwenye ndoano ya ukutani. Ukifika mwisho wa mkanda, wembe hugeuzwa kwa mgongo wake, ule upande mnene usiokata. Anayeugeuza kwa makali huukata mkanda. Kosa hilo hulifanya kila anayejifunza ukinyozi, kama vile kila anayejifunza kutembea huchubuka goti. Binti huyu naye alilifanya, na ngozi ikafunguka mdomo wa upana wa kidole.

Baba alipapasa kovu lile.

"Imekuwaje?"

"Nimegeuza vibaya."

"Umegeuzia nini?"

"Makali."

"Na mgongo umewekwa kwa kazi gani?"

"Ya kugeuzia, baba."

"Basi umeshajifunza. Mkanda huu ni wako. Mimi nitatafuta mwingine."

Aliutumia mkanda huo kwa miaka hamsini na mitano. Kila asubuhi wembe ulisimama shubiri moja kabla ya kovu, ukageuka kwa mgongo, ukarudi.

Baba yake alipokuwa haoni tena ukingo wa chuma, alimfundisha kwa masikio. Yeye alikaa kwenye kiti cha wateja, amefumba macho, na binti akanoa. Wembe ulilala bapa juu ya jiwe lililolowa, mgongo na makali vikigusa pamoja, ukasukumwa mbele bila nguvu, ukageuzwa, ukavutwa. Baba alisikiliza. "Umekandamiza," alisema. "Umeinua mgongo." "Maji yamekwisha, hilo ni jiwe kavu linalia." Na mara nyingi kuliko yote alisema, "Bado." Kwa miaka kumi na mitatu binti alinoa na kunyoa, na kibali kilichoning'inia ukutani kilikuwa na jina la baba.

Mwaka 1973 aliupeleka mkanda wake kwa fundi viatu wa mtaa wa pili. Fundi aliugeuza, akatikisa kichwa.

"Huu haushoneki, dada. Nikitia uzi hapa, uzi utaharibu wembe wako."

"Nani amekuambia ushone? Nataka uutie mafuta, umekauka."

"Na hili kovu?"

"Liache. Linanionyesha pa kugeukia."

Kesho yake Fundi aliurudisha mkanda mwenyewe, akakaa kitini anyolewe. Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Ilipofika mwezi wa tatu, marehemu aliweka wembe mezani akamtazama kwenye kioo.

"Kidevu hiki hakina cha kunyoa tena. Unanipotezea povu. Sema unachotaka."

"Nataka kuendelea kunyolewa."

"Mpaka lini?"

"Wewe huna haraka, nami sina."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1974. Mama mkwe aliwaambia wageni, "Mwanangu alinishinda adabu miaka ishirini na mitano. Sasa ameoa mwenye wembe, tuone." Walijaliwa watoto watatu. Fundi alimshonea mkewe mikanda minne mipya katika maisha yao, kila mmoja mzuri kuliko uliotangulia, na yote minne ilitumiwa na wengine. Alifariki mwaka 2009. Marehemu alimnyoa siku ya mwisho, kwa wembe wake mwenyewe Fundi, na hakumruhusu mtu mwingine kushika hata bakuli la maji.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapa ndipo yamesemwa mengi yasiyo kweli.

Baba yake alifariki tarehe 2 Mei 1979. Juma la tatu baada ya mazishi, Chama cha Vinyozi kilimwandikia barua ya mistari minne: kibali cha marehemu kimekwisha pamoja naye, na kiti kitapewa mwanachama atakayeteuliwa. Binti aliichukua barua hiyo, akaipeleka ofisini kwao.

"Aliyekuwa akinyoa pale miaka kumi na mitatu ni mimi," alimwambia mwenyekiti. "Mteueni huyo."

"Mama, hatusemi hujui kazi. Tunasema mwanamume hawezi kumpa mwanamke koo lake."

"Wanawapa kila siku. Waulize wake zao."

Katibu alicheka hadi akaangusha kalamu, na huenda kicheko hicho ndicho kilichompatia mtihani. Ulipangwa Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1979, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa nyuma ya soko. Anoe wembe mmoja na kumnyoa mtu mmoja, kwa saa moja, mbele ya vinyozi wote.

Walihudhuria vinyozi arobaini na mmoja. Watahiniwa wa kiume waliomtangulia mwaka ule walipewa nyembe zilizochoka kidogo tu. Yeye alipewa wembe wenye pengo katikati ya makali, pengo la kuonekana na mtu aliyekaa mlangoni. Wa kunyolewa alikuwa mlinzi wa soko, aliyetoka zamu asubuhi hiyo na kujitolea kwa kuwa alisikia ni bure. Walimpaka povu tangu mwanzo, kana kwamba kunoa ni kazi ya dakika mbili.

Mama huyu alikuwa na miaka ishirini na minane. Aliomba bakuli la maji na kitambaa. Aliweka jiwe la baba yake juu ya kigoda, akalilowesha, akaanza.

"Mama, unanoa au unasaga unga?" mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Mwacheni Mama Jiwe na jiwe lake," mwingine akasema, na ukumbi ukacheka.

"Jiwe halina haraka," alijibu bila kuinua macho. "Wewe uliye na haraka, nenda."

Jina ndilo hilo. Walimpa kwa kumkejeli, naye akaliandika juu ya mlango wake kwa rangi nyekundu.

Dakika ya hamsini pengo lilikuwa limekwisha. Mwenyekiti alikuja mbele, akang'oa unywele mmoja kichwani mwake, naye hakuwa nazo nyingi za kutoa, akaushika juu ya makali. Unywele ulikatika na kuanguka bila sauti. Ukumbi ulipiga makofi. Hata waliomcheka walipiga.

"Umepita, mama," mwenyekiti alisema. "Mnyoe huyu bwana kabla povu halijawa saruji."

Mama Jiwe alilowesha ukucha wa dole gumba, akaupitisha wembe juu yake polepole. Alihisi mkwaruzo mdogo sana, kama chembe ya mchanga kwenye tonge.

Kila anayenoa huijua chembe hiyo. Katika dakika kumi za mwisho, akiona saa inamkimbia, alikuwa amekandamiza. Wembe ukikandamizwa kwenye jiwe, chuma cha ukingoni hujikunja na kubaki utando mwembamba kuliko karatasi. Utando huo hukata unywele mmoja vizuri kabisa na kuwadanganya wote waliomo chumbani. Ukifika shavuni, huvunjika kwenye mkwaruo wa pili na kumchana mtu. Vinyozi huyaita makali ya uongo. Kosa ni la aliyenoa, na mara nyingi anayelijua ni yeye peke yake.

Alikuwa na kibali mkononi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

"Bado," alisema.

"Mama, tumeshakupitisha."

"Mmepitisha unywele. Mimi ninanyoa mtu."

Aliyaburuta makali kwenye ubao wa kigoda mbele ya macho yao wote, akayaua, kisha akalowesha jiwe na kuanza upya. Kelele zilijaa ukumbini. Saa tano kamili mwenyekiti aligonga meza na kuandika kwenye daftari maneno haya, ambayo yamo humo mpaka leo: Hakumaliza kwa wakati. Mama Jiwe hakuinua kichwa. Watu walianza kutoka. Ilipofika saa tano na dakika ishirini na tano, aliufuta wembe, akatundika mkanda wake kwenye kitasa cha mlango, akaupitisha wembe mara thelathini, akigeuza shubiri moja kabla ya kovu.

Hapo mlinzi wa soko, aliyesahauliwa kitini, ndipo alipofungua mdomo.

"Jamani, mimi nimepakwa tangu saa nne. Uso umekuwa ukuta wa chokaa. Hivi kuna mtu ana habari na mimi?"

"Mimi," alisema Mama Jiwe. "Njoo nje, kuna mwanga mzuri."

Alimkalisha kwenye kreti la soda mbele ya mlango wa ukumbi, akampaka povu jipya, akamnyoa. Alipomfuta, mlinzi alikuwa bado amefumba macho.

"Anza basi, mama."

"Nimemaliza."

Mlinzi alijishika shavu la kulia, kisha la kushoto. Alizunguka soko lote mchana ule akiwaambia wauzaji wa vitunguu, "Gusa hapa. Gusa tu, usiogope." Jumatatu iliyofuata, tarehe 13 Agosti 1979, Mama Jiwe alifungua duka bila kibali cha chama, na mteja wa kwanza alikuwa mlinzi huyo. Wale arobaini na mmoja wanaweza kuhesabu mtihani ule wapendavyo. Familia inauhesabu hivi: aliyeshindwa siku ile hakuwa yeye.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kiti kimoja cha kuegemea, kioo kilichopasuka kona ya chini, beseni, na kabati la mbao lenye nafasi sitini na nne. Hilo kabati ndilo lililokuwa fahari yake. Kila mteja alikuwa na wembe wake mwenyewe, na kila mpini ulizungushiwa uzi wa rangi yake. Wembe wa mtu haukugusa uso wa mwingine, hata wa baba na mwanawe. Ukimaliza kazi ulioshwa kwa maji yaliyochemka, ukafutwa, ukaachwa wazi ukauke, ukatiwa tone moja la mafuta ya cherehani, ukarudi kulala mahali pake. Mteja alipofariki, Mama Jiwe aliunoa wembe wake mara ya mwisho na kuupeleka nyumbani kwake kwa familia, umefungwa kitambaa. Aliupeleka mkali. Alisema kumrudishia mjane wembe butu ni kumsengenya marehemu.

Mwaka 1986 chama kilimpelekea bwana afya, kikidhani atamfungia duka. Bwana afya alifungua kabati, akazitazama nyembe moja moja.

"Nani amekufundisha utaratibu huu?"

"Aibu," alijibu. "Niliona aibu kuchukua damu ya huyu nikampa yule."

Bwana afya aliandika kwamba duka ni safi, kisha akauliza kama kuna nafasi iliyobaki. Alipewa uzi wa zambarau.

Mlinzi wa soko alinyolewa hapo hadi alipofariki mwaka 1998. Wembe wake ulipelekwa kwa familia kama ilivyo desturi ya duka. Juma lililofuata mwanawe aliurudisha, akauweka mezani. "Mzee alisema nirithi wembe na kiti pamoja. Alisema kimoja bila kingine ni hasara." Uzi wake wa kijani ungalipo nafasi ya kwanza.

Katika kiti hicho marehemu alimfundisha binti yake, mtoto wake wa kwanza, aliyeanza kunoa mwaka 1994. Hakumfundisha kwa upole. Binti alinoa, mama akasikiliza akiwa anafagia, akasema, "Bado." Binti alinoa tena. "Bado." Siku moja binti alimuuliza kama kuna siku atasikia neno jingine. Mama alijibu, "Ukiacha kuningoja mimi niseme." Wateja walicheka. Binti hakucheka, lakini alilowesha jiwe.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 mkono wa kulia wa marehemu ulianza kutetemeka. Juni mwaka huo hospitali ilimwambia ni maradhi ya neva yasiyo na tiba, ila dawa za kuyatuliza. Aliendelea kunyoa kwa dawa hizo hadi Jumanne moja ya Februari 2018. Mteja alikuwa kitini, amepakwa povu, amefumba macho. Mama Jiwe aliinua wembe, akautazama mkono wake kwenye kioo, akaukunja wembe.

"Mkono huu umeanza uongo," alisema. Akamwita binti yake, "Njoo umalize."

Hakunyoa tena. Wateja wa zamani walimfuata nyumbani. "Mama, hata ukitetemeka sisi tunakuamini." Aliwajibu, "Ndiyo maana siwanyoi." Waliokuwa wakimwita mkaidi na wakumbuke siku hiyo. Ukali aliowafanyia wengine alijifanyia mwenyewe kwanza, na hakumwomba mtu yeyote amsifu kwa hilo.

Kuanzia mwaka 2021 alikuwa mtu wa kitandani. Binti alihamishia kigoda cha kunolea kwenye chumba cha pili, na mlango ukaachwa wazi. Mama alilala amefumba macho, kama baba yake alivyokaa zamani, na sauti ikapita mlangoni: "Umekandamiza." "Maji." "Bado."

Jumamosi, tarehe 19 Agosti mwaka huu, viongozi wawili wa chama walifika nyumbani na bahasha na fremu ya kioo. Ndani ya fremu mlikuwa na cheti: Kinyozi wa Heshima, miaka arobaini na minne ya utumishi. Waliomba jiwe na mkanda wake vitundikwe ofisini kwao ili vijana wavione. Binti alifungua bahasha akitafuta barua ya pongezi. Alichokikuta chini kabisa, kimekunjwa mara nne, kilikuwa ombi la kibali aliloliandikia chama yeye binti, kwa mara ya tatu, likiwa limepigwa muhuri: Halikukidhi masharti. Pamoja nalo kulikuwa na mstari mmoja kwamba baada ya mama kutangulia, kiti kitapewa mwanachama atakayeteuliwa.

Marehemu alitaka asomewe vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Alisomewa. Kisha aliomba fremu. Mkono wake ulichukua muda kuifikia. Alipitisha ukucha wa dole gumba kwenye ukingo wa kioo, polepole.

"Makali ya uongo," alisema. "Haya yanakata unywele tu."

"Mama, ni heshima tumekuletea," mmoja wao alisema.

"Heshima yangu ipo hapo imesimama, mmeirudishia barua yake. Chukueni kioo chenu. Jiwe lina kazi Jumatatu."

Waliondoka na fremu yao. Marehemu aliomba chai, akainywa yote.

Mama Jiwe alifariki Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Asubuhi hiyo binti yake alikuwa chumba cha pili akiunoa wembe wenye uzi wa kijani, ule wa mlinzi wa soko ambao sasa ni wa mwanawe. Alinoa muda mrefu. Alizoea kusahihishwa, na kimya kile kilimtia wasiwasi, akataka kuupitisha wembe mara kumi zaidi kwa usalama. Sauti ikatoka chumbani.

"Hapo. Usiongeze."

Binti aliinua wembe kutoka kwenye jiwe. Katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kuambiwa hivyo. Aliufuta, akautia mafuta, akaenda kumwaga maji ya bakuli. Aliporudi kumwonyesha mama, mama alikuwa ameshapumzika.

Marehemu ameacha binti mmoja na wana wawili, wakwe watatu, wajukuu saba ambao mmoja wao ndiye anayesoma wasifu huu, kitukuu mmoja, wifi mmoja anayesema alimshinda kwa maneno mara mbili tu, na wateja thelathini na tisa ambao nyuzi zao zingali kabatini. Wamesimama pale upande wa kushoto, na mtu akitaka kujua kazi ya marehemu, awatazame nyuso.

Aliacha maagizo mawili. La kwanza, asizikwe na wembe. "Chuma chenye kazi hakizikwi," alisema, "na huko niendako sijaambiwa kama wana ndevu." La pili, wembe wake mwenyewe, ule wa uzi mweusi alioachiwa na baba yake, ufanyiwe kama alivyowafanyia wengine: unolewe mara ya mwisho na urudishwe kwa familia. Binti yake aliunoa leo asubuhi. Umerudishwa. Ni mkali.

Viongozi wa chama wako pamoja nasi mstari wa mbele, na tunawashukuru kwa kuja. Walisema kiti kitapewa atakayeteuliwa. Tunawaarifu kwa heshima zote kwamba mwenye kiti alishateua, tangu mwaka 1994, na alithibitisha Alhamisi kwa maneno mawili. Chumba kile ni cha soko, wala chama hakina ufunguo wake. Ufunguo uko kwenye kamba, shingoni mwa binti. Mkanda umetundikwa kwenye ndoano, na kovu lake liko palepale. Duka litafunguliwa Jumatatu, tarehe 9 Oktoba, saa mbili asubuhi. Mwenyekiti ana ndevu za siku tatu. Kiti kitamngoja, na atatafutiwa uzi wa rangi aipendayo. Ila asije na haraka.

Mama Jiwe ameweka wembe chini. Apumzike kwa amani aliyoinoa kwa mikono yake mwenyewe.